Aliyeajiriwa haachi kozi ya mtandaoni kwa kukosa muda. Anaiacha kwa kukosa pa kuutumia ujuzi

Bandiko la 1. Karani_Mwandamizi (Dar es Salaam)
Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaleta dai ambalo najua litapingwa. Katika idara yetu ya ununuzi tulijiandikisha watu kadhaa kwenye kozi ya Google ya uchambuzi wa data iliyopo kwenye jukwaa la kozi la Coursera, ile inayoanza na majedwali na SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) kisha inakupeleka kwenye Tableau ya kuchora chati na R, lugha ya kuchambua takwimu, na ambayo wenyewe wanasema mtu akitenga saa zisizofika kumi kwa wiki ataimaliza ndani ya miezi sita. Wote tumeajiriwa, wote tunakaa kwenye foleni zilezile za jioni. Waliomaliza ni wale tu ambao meza zao hupokea mafaili ya wazabuni kila siku, kwa sababu walichojifunza usiku walikitumia kesho yake ofisini. Mwenzetu aliyekuwa na nafasi kuliko sisi sote, ambaye hutoka kazini saa tisa na nusu na nyumbani anaishi peke yake, ndiye aliyeacha mapema kuliko wote. Kazi yake ni kupokea barua na kuzigonga mihuri. Kwa hiyo ninasema kwamba muda ni kisingizio, na kwamba ujuzi usio na kazi ya kuufanyia hauwezi kukaa kichwani hata ukipewa mwaka mzima wa likizo. Nani ana ushahidi wa kunipinga?

Bandiko la 2. Mtaa_wa_Pili (Mbeya)
Mleta uzi umezunguka mbali. Sababu ni kwamba kozi nyingi kati ya hizo ni za bure au zinakaribia kuwa za bure, na mtu haoni uchungu kuacha kitu ambacho hakukilipia. Ndiyo maana zaidi ya asilimia tisini ya wanaojiandikisha duniani hawamalizi. Toa ada mfukoni mwako uone kama hutakesha.

Bandiko la 3. Mkufunzi_Huria (Dodoma)
Ndugu wa bandiko la 2, takwimu hiyo haiko mbali na ukweli lakini inapotosha ikisimama peke yake. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha mwaka 2019, katika jarida la Science, uchambuzi wa kozi za vyuo vya MIT na Harvard zilizokuwa kwenye edX, jukwaa jingine la kozi za mtandaoni, kuanzia 2012 hadi 2018. Katika mwaka wa masomo wa 2017/2018 waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 ya waliojiandikisha wote, ila zaidi ya nusu ya waliojiandikisha katika kozi hizo hawakuwahi hata kufungua somo la kwanza; waliandika majina yao wakaenda zao. Ukiwachukua waliolipia cheti peke yao, waliomaliza walikuwa asilimia 46. Hapo unaweza kushangilia kwamba ada inafanya kazi. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya hao walilipa na bado wakaacha, na mwaka mmoja kabla yake waliomaliza katika kundi hilohilo walikuwa asilimia 56, kwa hiyo ada yenyewe haikuzuia kushuka. Tena takwimu hizo hazitenganishi kati ya mtu aliyemaliza kwa sababu alilipa na mtu aliyelipa kwa sababu alikwisha kuazimia kumaliza.

Bandiko la 4. Mizania (Mwanza)
Mimi ni mhasibu, na kwa maoni yangu ninyi nyote mmeruka jambo lililo wazi, nalo ni tarehe ya mtihani. Mitihani ya NBAA, bodi yetu ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, hufanyika Mei na Novemba. Ukishajisajili kwa Novemba, Novemba haisogei kwa sababu bosi wako amekupeleka kikazi Bukoba au kwa sababu mtoto ana homa. Tulisoma madarasa ya maandalizi kwa Zoom, usiku, tukiwa tumechoka vilevile kama wanaosoma Coursera, na hakuna aliyekuwa akiuliza habari ya motisha. Kwenye kozi hizi nyingine kuna kitufe cha kupanga upya tarehe za mwisho, na ukikibofya hakuna anayekuuliza neno. Kitufe hicho kimewekwa kwa huruma, lakini nadhani ndicho kinachowazika watu. Kaka wa mihuri aliyesemwa na mleta uzi angepewa mtihani wenye tarehe na ukumbi, angesoma hata kama hana wazabuni.

Bandiko la 5. Mama_wa_Chanika
Kusema kwamba muda ni kisingizio ni rahisi kwa mtu ambaye akirudi nyumbani anakuta chakula mezani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, ambazo ni tisa kwa siku, lakini sheria hiyo haihesabu muda ninaotumia kutoka Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwenda Posta katikati ya jiji na kurudi. Haihesabu pia kupika, kuogesha watoto, kukagua kazi zao za shule na kufua sare za kesho. Mimi hufungua video ya somo saa nne usiku na kuamshwa na simu iliyoniangukia usoni. Mume wangu alisoma kozi ya usimamizi wa miradi akaimaliza vizuri, nami nilimpongeza kwa moyo wote, lakini alipokuwa akisoma, uji wa watoto ulikuwa ukipikwa na mtu. Karani, katika hao waliomaliza idarani kwenu, wangapi ni wanawake wenye watoto wadogo? Ukinijibu hilo ndipo tuendelee na habari za wazabuni.

Bandiko la 6. Kijana_wa_Benchi
Dada wa Chanika amemaliza mjadala. Ila wanaume wa humu msijifiche nyuma yake, kwa maana kuna mtu ninamfahamu anayelalamika kwamba hana muda wa SQL, na kila Simba au Yanga ikicheza yupo kibandaumiza tangu kabla timu hazijapasha misuli moto, halafu anabaki kujadili refa hadi taa zinazimwa.

Bandiko la 7. Mtaa_wa_Pili (Mbeya)
Bandiko la 6 ninalipinga kwa nguvu zote. Mpira ni afya ya akili.

Bandiko la 8. Sista_Zamu (Kilifi)
Hamjambo. Mimi ni muuguzi, nami ninataka kuwaonya kwamba kumaliza si kujifunza. Huku kwetu Kenya leseni yetu haihuishwi bila kuonyesha kwamba umepata alama za mafunzo endelevu, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo siku hizi hupatikana kwa simu. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2017 jukwaa lake la mafunzo la OpenWHO, lilikuwa la bure, na wakati wa korona walitoa kozi hata kwa Kiswahili. Sisi tunamaliza karibu zote. Lakini nimewaona wenzangu wakiiacha video inajisemea yenyewe kwenye chumba cha kubadilishia nguo huku wakiendelea kuandika ripoti ya kukabidhiana zamu, kisha wanajaribu maswali ya mwisho mpaka yakubali. Cheti kinatoka, alama zinaingia, na ukimwuliza mtu wiki ijayo kipimo cha dawa kilichofundishwa anakutazama tu. Kwa hiyo hoja ya Mizania ya kulazimishwa na tarehe inaeleza nani anafika mwisho. Haielezi nani amebaki na kitu.

Bandiko la 9. Mizania (Mwanza)
Dada Sista, mtihani wa NBAA hauruhusu kujaribu mpaka ukubali, kwa hiyo mfano wako ni wa mtihani dhaifu, wala haugusi tarehe.

Bandiko la 10. Mswahili_wa_Ughaibuni (Doha)
Salaam kutoka Qatar. Mimi ni mtu wa Mombasa, ninafanya kazi ya usalama kwenye eneo la ujenzi, na kwa zamu zetu za saa kumi na mbili hata huo mpira wa kijana wa benchi tunausikia kwa kusimuliwa. Huku cheti kinachotafutwa na kila mtu anayetaka kupanda kutoka kibarua hadi ofisa wa usalama ni kile cha NEBOSH, bodi ya Uingereza ya mitihani ya usalama na afya kazini. Sehemu yake ya kwanza, tangu mwaka 2020, ni mtihani unaouandika mtandaoni ukiwa na vitabu mbele yako, kisha unahojiwa kwa video ili ijulikane kwamba uliyeandika ni wewe. Sehemu ya pili ndiyo iliyonifanya nimkumbuke mleta uzi: unatakiwa ufanye tathmini ya hatari za mahali halisi pa kazi na upendekeze hatua. Mimi nililikagua jukwaa la ujenzi nililokuwa ninapanda kila siku, nikaona mambo niliyokuwa nikiyapita bila kuyatazama. Kozi iliyojengwa namna hiyo haikuachi ukae kama mtazamaji. Ila nisidanganye, ada yake ni kubwa na niliikusanya kwa muda mrefu, kwa hiyo bandiko la 2 nalo lina mahali pake.

Bandiko la 11. Msimbo_254 (Nairobi)
Swali lenyewe limekaa vibaya. Nani amesema ni lazima kumaliza? Mimi ni mtengenezaji wa programu, na nilijifunza kwa CS50, kozi ya Harvard ya utangulizi wa kompyuta, pamoja na tovuti ya freeCodeCamp, zote bila malipo. Katika nusu ya kozi nilizofungua baada ya hapo nilikuwa nikitafuta sura moja tu. Nikishajua namna ya kuunganisha malipo ya M-Pesa kwenye tovuti ya mteja, sina sababu ya kusikiliza somo la historia ya intaneti. Kwenye takwimu za Mkufunzi_Huria mimi ninahesabiwa kuwa nimeshindwa, ilhali mteja amelipa na mfumo unafanya kazi. Mtu akienda maktaba akasoma kurasa ishirini alizozihitaji, hatumwandiki kuwa ameacha kitabu.

Bandiko la 12. Afisa_Ajira (Arusha)
Ndugu Msimbo, hoja yako ni nzuri kwa mwenye wateja wake, lakini aliyeajiriwa anatafuta kupandishwa cheo au kuhama, na huko anakutana na watu kama mimi. Nizungumze kwa uwazi. Ninapopokea maombi ya kazi, cheti cha kozi fupi ya mtandaoni hakinisaidii kumpanga mtu kwenye muundo wa mishahara, kwa sababu muundo huo unazungumza lugha ya stashahada, shahada na usajili wa bodi. Shahada ya chuo cha nje hupelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ikatambuliwe, lakini cheti cha wiki sita hakina mlango wa kupitia. Kinachonishawishi ni pale mtu anaponionyesha kazi: ripoti aliyoiandaa, jedwali alilolitengeneza likapunguza siku za kufunga hesabu. Watu wanaliona hilo mapema, wanagundua kwamba cheti hakitawaongezea shilingi, na wanaacha. Huko si kukosa nidhamu, ni kupiga hesabu. Jambo jingine ni kwamba kila mwajiri Tanzania analipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile SDL ya asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi, na wengi wakishalipa hiyo wanaona wajibu wao wa mafunzo umekwisha.

Bandiko la 13. Kodi_na_Tozo
Si kila mwajiri. SDL inawahusu wenye wafanyakazi kumi au zaidi, na kiwango hicho cha asilimia 3.5 kilianza Julai 2023. Maelfu ya watu walioajiriwa kwenye maduka na ofisi ndogo hawamo kabisa katika hesabu yako.

Bandiko la 14. Sista_Zamu (Kilifi)
Kwetu Kenya tozo ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, ni shilingi hamsini kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na mwajiri aliyelipa anaweza kuomba arejeshewe gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Kusema kweli sijawahi kufanya kazi mahali ambapo mtu wa utawala alitangaza habari hiyo kwenye kikao.

Bandiko la 15. Karani_Mwandamizi (Dar es Salaam)
Asanteni kwa michango. Dada wa Chanika, waliomaliza kwetu ni mwanamke mmoja na wanaume wawili, na huyo dada watoto wake ni wakubwa. Ninakubali kwamba jibu hilo linakupa nguvu, lakini bado linamwacha kaka wa mihuri bila maelezo, kwa maana yeye hana mtoto wala uji wa kuukoroga. Kwa Mizania, ninauliza hivi: watu wangapi wamefaulu mitihani ya bodi, wakabaki kwenye kazi ya kuingiza risiti, na baada ya miaka mitatu hawawezi tena kuandaa hesabu za muunganiko, zile za kampuni mama na kampuni tanzu kwa pamoja? Bwana wa Doha ameniunga mkono bila kukusudia, nami nimepokea.

Bandiko la 16. Mwalimu_Chaki (Morogoro)
Mmetaja kazi, ada, tarehe na uji, lakini hamjataja lugha na mazingira ya mifano. Mimi niliisoma hiyo kozi ya mleta uzi. Kiingereza changu si kibaya, ninakifundishia, na bado nililazimika kupunguza kasi ya video na kuwasha maandishi ya chini ili nielewe mzungumzaji anayekimbiza maneno. Somo la dakika kumi likawa la nusu saa. Halafu kazi ya mwisho kwenye toleo nililosoma inakutaka uchambue safari za kampuni ya kukodisha baiskeli mjini Chicago, ulinganishe wanaolipia uanachama wa mwaka na wanaokodi mara mojamoja, na ueleze namna ya kuwageuza hawa wawe kama wale. Unaweza kuifanya, ndiyo, lakini unaifanya kama mtu anayejibu swali la jirani. Nilipochukua daftari la mahudhurio ya shule yetu na kutumia mbinu zilezile, ndipo usingizi ulipokata. Wasiomaliza huenda hawajashindwa somo, wamechoka kutafsiri maisha ya watu wengine kila usiku.

Bandiko la 17. Kijana_wa_Benchi
Mwalimu, wewe nenda stendi ya Msamvu ukawaulize bodaboda kama wanapokea uanachama wa mwaka, kisha utuletee data.

Bandiko la 18. Mwalimu_Chaki (Morogoro)
Nimeshauliza. Wanapokea mkopo wa abiria kwa mwezi, na data yake iko kwenye daftari la mama ntilie anayewatunzia hesabu. Ni data safi kuliko ile ya Chicago.

Bandiko la 19. Ratiba_Kwanza (Kampala)
Wandugu, mnaandika mengi lakini hakuna aliyesema jambo la kawaida kabisa, kwamba mtu apange ratiba. Mimi ni mfamasia. Niliandika kwenye karatasi siku, saa na mahali pa kusomea, nikaibandika ukutani, na mambo yakaenda. Wengi wanaoacha hawakupanga.

Bandiko la 20. Mkufunzi_Huria (Dodoma)
Ninakuheshimu, mkuu, lakini hilo limejaribiwa kwa upana kuliko ukuta wa mtu mmoja. Rene Kizilcec na wenzake walichapisha mwaka 2020, katika jarida la kisayansi la PNAS, matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwenye kozi karibu 250 za Harvard, MIT na Stanford, zenye wanafunzi wapatao robo milioni. Walioombwa mwanzoni waandike mpango wa lini na wapi watasoma walijishughulisha zaidi katika wiki za mwanzo, kisha tofauti ikafifia, na idadi ya waliomaliza haikupanda. Kwa hiyo ratiba inakuingiza darasani. Kukubakiza humo ni shughuli nyingine.

Bandiko la 21. Ratiba_Kwanza (Kampala)
Wastani wa robo milioni haunizuii mimi kumaliza. Karatasi bado iko ukutani.

Bandiko la 22. Mzee_wa_Posta (Tanga)
Wanangu, shikamooni hamjaniamkia, lakini nitaendelea. Kusoma ukiwa kazini hakukuanza na simu. Sisi tulisoma kwa barua; somo linakuja kwenye bahasha, unajibu, unatuma, na majibu yakirudi umeshasahau swali. Baadaye kikaja Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994, na walimu na makarani wengi walipata shahada zao humo bila kuacha kazi. Lakini kabla ya yote hayo, mwaka 1973, kulikuwa na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi kijijini, pana redio, pana kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo, pana kijitabu, na kipindi kikiisha mnajadili kisha mnakwenda kuchimba choo kwelikweli. Ilifikia watu wazima wapatao milioni mbili. Kiongozi wa kikundi alikuwa akijua nani hakuja, naye anampitia nyumbani. Ninyi mnasoma kila mtu peke yake amevaa vitu masikioni, kisha mnashangaa kwamba mtu akitoweka hakuna anayegundua.

Bandiko la 23. Mizania (Mwanza)
Shikamoo mzee. Kikundi kilikuwa na choo cha kuchimba. Uhasibu au SQL mtu anaujua peke yake mbele ya karatasi ya mtihani, na nimeona vikundi vya WhatsApp vya masomo ambavyo ndani ya mwezi vimegeuka kuwa vya michango ya harusi.

Bandiko la 24. Karani_Mwandamizi (Dar es Salaam)
Marahaba inamhusu mzee, mimi ninasema shikamoo. Lakini mnaona? Kile choo ndicho hoja yangu. Walijifunza jambo wakalifanya wiki ileile.

Bandiko la 25. Mzee_wa_Posta (Tanga)
Marahaba, wanangu. Karani, usinitie mfukoni mwako upesi hivyo. Kulikuwa na vijiji vilivyokuwa na haja ya vyoo kuliko vingine na havikuchimba, kwa sababu kiongozi wa kikundi alikuwa mlevi.

Bandiko la 26. Mama_wa_Chanika
Mzee amenigusa. Nisingependa kikundi cha WhatsApp, kwa sababu hizo ninazozijua, lakini ningependa watu wanne au watano wanaosoma kozi moja, tunaopigiana simu mara moja kwa wiki na kila mmoja kueleza alichokifanya kazini kwake kwa somo la wiki hiyo. Karani atapata mahali pake pa kutumia ujuzi, Mizania atapata tarehe yake. Mimi ninaanza SQL upya. Sharti langu ni kwamba simu isiwe usiku. Iwe saa kumi na moja alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Nani yumo?

Bandiko la 27. Mwalimu_Chaki (Morogoro)
Nimo, na daftari la bodaboda ninalo.

Bandiko la 28. Msimbo_254 (Nairobi)
Nitawasaidia kwenye maswali ya SQL, ila ninaomba ieleweke tangu sasa kwamba sitabaki hadi mwisho wa kozi, kwa sababu nilizozieleza kwenye bandiko la 11.

Bandiko la 29. Mizania (Mwanza)
Alfajiri hiyo bando langu la usiku bado linafanya kazi, kwa hiyo nitaingia. Lakini wekeni tarehe ya jaribio la kwanza leo, humu humu, na mtu asiniletee habari ya kuisogeza.

Bandiko la 30. Mswahili_wa_Ughaibuni (Doha)
Saa za Doha na za kwenu ni zilezile, na alfajiri hiyo mimi ninakuwa kwenye basi la kampuni kuelekea zamu. Nitasikiliza tu, sitaweza kuzungumza, maana wenzangu wote wanakuwa wamelala.